Biri za Kando ya Mfereji

Karatu,
28 Machi 1983

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima. Mimi ni mzima wa mwili. Roho ndiyo haijatulia.

Nampa barua hii dereva wa lori la vitunguu aifikishe mkononi mwako, si kwa mtu mwingine. Ukishaisoma, tafadhali ichome.

Bila shaka umesikia redioni juu ya msako wa wahujumu uchumi. Hapa Karatu umeanza kwa nguvu. Mwenye katoni ya sabuni anaulizwa ameipata wapi. Mwenye khanga mpya za ziada anaulizwa. Mwenye kitu cha nje ya nchi haulizwi, anachukuliwa. Wiki hii wamechukuliwa watu ambao mimi na wewe tunawafahamu, wengine wamepelekwa Arusha, na hakuna anayejua watarudi lini.

Sasa, Shangazi, kuna vile vitu vyako vya kahawia. Unajua ninavyovisema. Vinene kuliko kidole, vyenye pete. Sitaki kuviandika kwa jina. Sisi tunajua kwamba jani ni la bustani yako na mkono uliovisokota ni wako. Lakini zile pete za karatasi, nyekundu na dhahabu, ulizookota kwenye visahani vya majivu vya wageni ulipokuwa unasafisha vyumba hotelini kule ukingoni mwa kreta, ndizo zitakazotumaliza. Mgambo akiona pete ina maandishi ya kizungu hatauliza jani limelimwa wapi.

Nakuomba vifukie. Kama huwezi kuacha, basi vutia ndani, mlango umefungwa. Usikae tena na kile kiti chako cha turubai kando ya mfereji, umeitazama barabara, moshi unapanda kama wa treni.

Na mimi, Shangazi, bado niko kwenye majaribio ya ukarani katika ofisi ya serikali. Mwezi wa sita Bwana Melkizedek, mkuu wangu, ataamua kama nithibitishwe au nirudi nyumbani. Yeye ndiye anayesimamia msako huku kwetu. Ukiguswa wewe, nimeguswa mimi.

Mtoto wa kaka yako,
S.F.T.


Mang'ola,
31 Machi 1983

Sylvesta mwanangu,

Marahaba. S.F.T. ni nani? Nilidhani nimeandikiwa na kampuni ya mabasi. Jina lako ni Sylvesta Felisiani Tluway. Nilikuwepo siku unabatizwa, ulilia kama ndama, na padri alilitamka jina lote mpaka mwisho. Liandike.

Barua yako sikuichoma. Nimefunikia mtungi, karatasi yake ni ngumu, nzuri.

Unasema nivutie ndani. Njoo Mang'ola mwezi huu, uingie ndani ya nyumba yangu ya bati saa tisa mchana, halafu uniambie tena. Mawingu yamekaa juu ya bonde kama kifuniko cha sufuria. Mvua haitaki kunyesha na haitaki kuondoka. Nguo ukianika haikauki. Mtu akisimama tu anatiririka jasho. Kuku wanashinda midomo wazi, na ndani kwangu hata mjusi amehama.

Ila nje, mwanangu! Nasubiri mpaka kivuli cha ukuta kifike kwenye mfereji. Nakaa kitini, natia miguu majini mpaka kwenye vifundo, pembeni nina kikombe cha maji ya ukwaju. Biri yangu (naam, biri, sigara nene ya tumbaku, ndilo jina lake, wala halijawahi kumuuma mtu) naipasha kwanza juu ya kaa bila kuivuta, naizungusha taratibu mpaka mdomo wake wote uwe mwekundu sawasawa. Halafu navuta kidogo, nanyamaza.

Kule ukingoni, kwenye ukungu na baridi, wageni walivuta wameukumbatia moto, na moshi ukapanda dohani wasiuone. Hewa kavu nayo ni mbaya zaidi, inalipasua jani, biri inawaka upande mmoja kama nyasi. Hewa hii nzito ya kwetu haiharakishi kitu. Jani linabaki laini kama sikio la mbuzi, na moshi hauondoki, unakaa nawe kama ndugu aliyekuja kusalimia na hana haraka ya kurudi. Majivu yanakuwa marefu, meupe. Siyagongi. Yanaanguka yakipenda. Biri moja inanifikisha mpaka ng'ombe wanarudi. Nimetandika vitanda vya watu miaka mingi nikiwa nimeinama, Sylvesta. Saa hiyo moja nimekaa wima.

Majuzi katekista alipita akaniambia, "Mama Leonida, mwanamke na moshi barabarani?" Nikamwambia, "Katekista, mama yangu alivuta kiko huku amenibeba mgongoni, na mama yako alikuja kwake kuomba tumbaku." Alicheka, akaniomba kipande.

Bibi yako alimwita Mungu Looa, na kwa lugha yetu Looa ndilo jina la jua. Jua linaniona kila siku. Sasa wewe unataka nijifiche nisionwe na nani?

Pete sizivui. Nilipoondoka hotelini sikuchukua kijiko chao wala taulo. Nilichukua walichotupa. Biri ya kwanza ya mgeni niliyoiokota niliipasua kama kuku, nione utumbo wake umekaaje, na hapo ndipo nilipojifunza. Kila nikisokota nzuri naivisha pete, kama mtu anavyomvisha mtoto wake siku ya Kipaimara. Nani atanivua?

Shangazi yako,
Leonida Tluway
Nyumba ya bati ya pili kutoka mferejini, wakinitafuta wasihangaike.


Karatu,
Jumatatu ya Pasaka, 4 Aprili 1983

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Barua yako imenichekesha, kisha imenitia homa. Kwa nini umeandika na nyumba unayokaa?

Jana kanisani watu walivaa nguo kuukuu kabisa. Sijawahi kuona Pasaka ya viraka namna ile. Mzee mmoja jirani yangu alitupa redio yake chooni akasahau kuizima. Mgambo walipopita, shimo lilikuwa linasoma taarifa ya habari. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi sikuweza, kwa sababu mzee huyo hajaonekana tena.

Siku moja kabla ya Ijumaa Kuu, Bwana Melkizedek aliniita.

"Kijana, wewe una ndugu Mang'ola?"

Nikasema, "Wapo, Mzee."

"Nasikia kuna mama huko anavuta biri za Ulaya hadharani, miguu ndani ya maji, kama balozi."

Nikasema, "Mang'ola ni kubwa, Mzee."

Aliniangalia, kisha akaniagiza chai. Nilipoifikisha, nusu ilikuwa imemwagika kwenye sahani.

Lile boksi la vile vitu ulilonipa Krismasi nimelitupa korongoni. Nisamehe. Nilikuwa silali.

Unasema unakaa wima. Mimi nimefika kidato cha sita kwa mgongo wako ulioinama, na sijasahau. Nauli, viatu, blanketi la bweni, vyote vilitoka kwenye vitanda ulivyotandika. Sasa utaviteketeza kwa ajili ya moshi? Nakuomba kwa mara ya mwisho, zivue pete, au zifukie. Wewe hutafungwa peke yako.

Mtoto wa kaka yako,
S.F. Tluway


Mang'ola,
7 Aprili 1983

Sylvesta,

Barua yako nimeipata kwa mkono wa Bernadina. Karatasi niliyo nayo ni kipande cha mfuko wa saruji, kwa hiyo nitasema machache.

Mimi mzima. Joto la leo limepita yote ya mwaka huu. Nimekalia gunia badala ya kiti. Mtu akizeeka hubadili makao. Harufu ya vitunguu ni kali. Leo sikuvuta, nimepumzisha kifua.

Kuhusu boksi la Krismasi. Nilizisokota zile kwa ajili yako, na nilisubiri wiki ambayo hewa ilikuwa nzito kuliko zote. Jani la nje nililichagua moja moja, lisilo na tundu hata la sindano. Umelitupa korongoni. Sawa. Fisi wa Karatu wamesherehekea Pasaka vizuri.

Usije Mang'ola wiki hii. Barabara ni mbaya. Nasema usije.

Na usiseme uongo kwa ajili yangu. Mang'ola si kubwa.

Shangazi yako,
Leonida Tluway


Mang'ola,
8 Aprili 1983

Sylvesta,

Mimi ni Bernadina, jirani wa shangazi yako, mfereji wetu ni mmoja. Amenikataza nisikuandikie, kwa hiyo nakuandikia.

Shangazi yako amefungiwa ndani ya ghala la zamani la vitunguu tangu Jumanne. Mgambo walikuja mchana wakamkuta kitini. Mmoja akamwambia, "Mama, zima hiyo." Akamjibu, "Imebaki nusu. Kaa pale kwenye jiwe usubiri." Nakuapia, mgambo alikaa. Alipoimaliza akafuta miguu, akavaa viatu, akasema, "Haya, twendeni, mnachelewa." Wamechukua sanduku zima la biri zenye pete, linapelekwa Karatu kwa Bwana Melkizedek. Yeye akisema ni mali ya nje, shangazi yako anapelekwa Arusha.

Ghala lile ni bati tupu na halina dirisha. Mlango unafunguliwa asubuhi na jioni. Mwenyekiti alimwambia kwa upole, "Basi Mama Leonida, sokota moja hapa mbele yetu tuone, uende zako nyumbani." Akamjibu, "Nimesokota kando ya barabara miaka yote hii, na wewe umenivutia biri zangu mpaka sina hesabu. Leo ndiyo unataka kuona? Sisokoti kwa amri ya mtu." Tumembembeleza mimi, katekista, na mke wa mwenyekiti. Hataki.

Jana jioni alipotolewa nje alishika ukuta. Alisema anaupima kama ni imara. Mimi si mtoto, Sylvesta. Ni mtu mzima yule, na joto hili. Wewe ni msomi na uko ofisi ile ile. Sema neno.

Nakuletea majani yake machache yaliyokuwa yananing'inia jikoni kwangu. Nimeyafunga kwenye gunia bichi yasivunjike. Sijui yatakusaidia nini, ila mgambo hawakujua kwamba yapo.

Ni mimi,
Bernadina


Karatu,
12 Aprili 1983

Mama Bernadina,

Shikamoo. Ahsante kwa kutomtii Shangazi. Barua yake niliisoma mara nyingi na sikuelewa kitu. Nilidhani kweli amehama kiti.

Sanduku limefika. Liko juu ya meza ya Bwana Melkizedek, nikiinua macho naliona. Siku lilipoletwa aliwaita wafanyakazi wote, akainua biri moja, akaizungusha tuone pete. "Hii ndiyo hujuma," alisema. "Nchi haina sukari, na mama mmoja anachoma dola kwa kiberiti." Wenzangu walitikisa vichwa kwa masikitiko. Na mimi nilitikisa. Nimeona afadhali ulijue hilo kwangu kuliko kwa mtu mwingine.

Alisema atasubiri mpaka mwisho wa mwezi ndipo apeleke taarifa Arusha. Nilishangaa kwa nini asubiri. Sasa najua.

Kila mchana, akishakula, Bwana Melkizedek anafunga mlango wa ofisi yake, anafunga madirisha, anateremsha mapazia. Na hapa wiki hii mawingu yamekaa, hewa imesimama, hata makarani wenye makoti wameyavua. Kisha inapita harufu chini ya mlango. Naijua harufu ile kuliko jina langu. Ni harufu ya likizo zangu zote kwa Shangazi. Baadaye anatoka shati limelowa, macho mekundu, anakohoa, anatuambia ni mafua. Na sanduku linapungua.

Nimefikiria kumwambia usoni. Ni mkubwa wangu. Kwa neno moja nitakuwa njiani kwenda Arusha, nimemtangulia Shangazi.

Kwa hiyo nakusihi, mwombe asokote moja. Mara moja tu mbele ya mwenyekiti, na yote yaishe. Mwambie mimi ndiye ninayeomba.

Majani nimeyapokea. Kila asubuhi nalowesha gunia upya. Sijui kwa nini.

S.F. Tluway


Mang'ola,
14 Aprili 1983

Sylvesta,

Nimemwambia. Alikuwa nyuma ya mlango, tunaongea kwenye ufa, na habari ya majani nimempa pia. Nayaandika kama alivyoyasema:

"Mwambie mtoto wa kaka yangu kwamba mikono inayojua kusokota biri zangu iko minne tu duniani. Miwili iko huku na miwili iko Karatu. Ya huku imekataa."

Kisha akaniuliza kama mvua imeshanyesha kwenu. Nikasema dereva wa lori anasema bado, joto tu.

Akasema, "Vizuri. Jani halitapasuka."

Bernadina


Karatu,
19 Aprili 1983

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini unayasoma haya ukiwa nje.

Nilikudanganya. Boksi la Krismasi sikulitupa. Nilikwenda nalo mpaka ukingo wa korongo, nikahisi kuna mtu ananitazama, nikarudi nalo. Niliogopa kuwa nalo na nikaogopa kulitupa. Lilikaa chini ya kitanda changu siku zote, biri zote zimo, na pete zake.

Jana mchana, Bwana Melkizedek alipofunga madirisha, nilitoka na stuli ya ofisini nikaiweka barazani, chini kabisa ya dirisha lake. Usidhani nilikuwa jasiri. Barazani walikuwepo watu wengi wanasubiri huduma, wanajipepea kwa fomu na kofia, jasho linawatoka, hakuna upepo hata wa kutikisa jani la mwanzi. Nilikaa. Nikaweka ubao wa kuandikia juu ya magoti, nikafungua gunia bichi.

Nililitandaza jani, nikatoa mshipa wa katikati kwa ukucha kama ulivyonifundisha. Nikalaza vipande vya ndani, nikaanza kusokota.

Mama mmoja aliyetoka Buger akauliza, "Karani, unapika nini?"

"Biri, mama."

"Za Ulaya?"

"Za Mang'ola."

Watu walisogea. Ya kwanza ilitoka na tumbo, kama chatu aliyemeza mbuzi, na mzee mmoja akasema, "Hiyo inahitaji mkunga." Walicheka, nami nikachukua jani jingine. Ya pili ilinyooka. Hewa ilikuwa nzito kweli, Shangazi. Jani lilinata lenyewe, halikupasuka popote.

Nilitoa mfukoni pete moja ya boksi la Krismasi, nyekundu na dhahabu, nikaivisha.

"Sasa ndiyo ya Ulaya," nikasema.

Yule mama wa Buger akapiga paja lake. "Kumbe ni kofia tu!" akasema. "Yule mama wa Mang'ola wamemfunga kwa sababu ya kofia!"

Sikujua kwamba habari zako zimefika mpaka Buger. Kumbe wote pale walikuwa wanajua. Walikuwa wananyamaza kama mimi.

Nikaomba kiberiti kwa yule mzee. Sikuharakisha. Niliipasha, nikaizungusha, mpaka mdomo wote ukawa mwekundu. Nikavuta kidogo, nikanyamaza. Nje, mchana kweupe, saa za kazi, uso umeelekea barabara. Miaka yote nilivuta nawe likizoni huku nasikiliza nani anapita, sikuwahi kuionja hasa. Jana niliionja. Ina utamu wa mwisho mwisho, kama maganda ya kahawa mbichi, na moshi ulikaa pale pale usoni kwangu, haukunikimbia.

Dirisha likafunguka juu ya kichwa changu. Moshi ulitoka kwanza. Ulitoka mwingi kama wa tanuri la matofali, na nyuma yake akatokeza Bwana Melkizedek, amelowa kama aliyeopolewa mtoni. Vidoleni alikuwa na biri yako, imebaki robo, pete bado ipo. Kwa hasira alisahau kuiweka chini.

"Tluway! Unafanya nini hapo?"

"Navuta, Mzee."

"Unavuta nini?"

"Unachovuta wewe, Mzee. Ila mimi niko nje."

Sijui maneno yale yalitoka wapi, Shangazi. Naapa yalikuwa na sauti yako. Aliangalia mkono wake. Watu wote barazani waliuangalia mkono wake.

"Bwana Mkubwa," akasema mama wa Buger, "toka nje nawe, humo ndani utaiva!"

Kicheko kilichofuata kiliwatoa watu madukani. Alilifunga dirisha. Baada ya kitambo kidogo akalifungua tena, maana alikuwa amejifungia na moshi.

Aliniita ndani kabla ofisi haijafungwa. Hakuniangalia. "Andika mama huyo aachiwe," akasema. Nikamwuliza niandike sababu gani. Akakohoa, akasema, "Andika mali ni ya bustani." Nikaandika, akatia sahihi, na lori la vitunguu likaondoka na barua ile jioni hiyo hiyo.

Najua haijaisha. Leo hasemi na mimi, ananiachia kazi mezani bila neno. Lakini mchana huu, alipokwenda kula, nilitoka tena na stuli.

Mtoto wa kaka yako,
Sylvesta Felisiani Tluway


Karatu,
22 Aprili 1983

Ndugu S. F. Tluway,

YAH: UHAMISHO

Unaarifiwa kwamba umehamishiwa Malambo kuanzia tarehe 2 Mei 1983.

Kuthibitishwa kwako kazini kumeahirishwa kwa mwaka mmoja, kutokana na kuvuta tumbaku hadharani saa za kazi, na kutumia samani za ofisi (stuli moja na ubao mmoja wa kuandikia) kwa shughuli isiyo ya ofisi.

Kituo cha Malambo hakina nyumba ya mtumishi kwa sasa.

Sanduku lililokuwa kielelezo linarudishwa kwa mwenyewe. Upungufu uliomo umesababishwa na unyevu wa hewa.

Nakutakia kazi njema.

Melkizedek


Mang'ola,
29 Aprili 1983

Sylvesta Felisiani Tluway,

Marahaba mara nyingi.

Barua ya Bwana wako uliyonitumia nimemsomea Bernadina mara tatu. Kila nikifika kwenye unyevu wa hewa anakaa chini. Amekuja kuichukua leo akaisome kwa katekista.

Nilitoka ghalani Jumanne ya wiki iliyopita, asubuhi. Mguu mmoja bado umevimba, na kichwa kinazunguka nikisimama haraka, nakwambia kwa sababu hatudanganyani tena. Mgambo aliyefungua mlango ni yule yule aliyekaa kwenye jiwe. Alinisindikiza mpaka nyumbani, amenibebea sufuria yangu. Tulipofika akasimama tu. Nikamwambia, "Unataka nini?" Akasema, "Mama, ile nusu uliyomaliza siku ile, ilikuwa inanukia vizuri." Nimempa moja. Nimemwambia aivutie pale pale, mbele ya barabara, na asivue kofia ya mgambo.

Umeniuliza kama nina huzuni kwa ajili ya kazi yako. Nina huzuni. Nilipokuwa mle ndani niliwaza, nikisokota moja tu mtoto huyu atathibitishwa, ataoa, atajenga. Mikono ilikuwa tayari mara mbili. Halafu nikawaza, akithibitishwa hivyo, atakuwa amethibitishwa kuwa nini? Nikairudisha mikono. Kama nimekosea utaniambia uso kwa uso, na nitakusikiliza mpaka mwisho.

Malambo nimefika zamani na marehemu mume wangu, tukitafuta ng'ombe. Ni joto, lakini ni joto kavu, vumbi jeupe, upepo unatoka chini kwenye ziwa la magadi, unakausha hata mate. Jani litapasuka. Usilazimishe. Liweke ndani ya debe na gunia bichi, ulisubiri. Hata kule kuna siku chache kabla ya mvua ambapo hewa inakaa nzito, ng'ombe wanasimama hawali, na watu wanagombana bila sababu. Siku hizo ndizo zako. Wamasai watakuomba tumbaku kabla ya kukuuliza jina. Wape. Wanawake pia, wape. Halafu uwaambie jina, lote mpaka mwisho.

Mbegu nimezifunga kwenye kitambaa. Ni ndogo kama vumbi, usizifungue penye upepo. Na pete zilizobaki nimekuwekea nusu.

Dereva wa lori atakufikishia kwa mwenzake wa Malambo mzigo mrefu uliofungwa kwa kamba. Usishtuke ukiuona. Ni kiti changu cha turubai. Mimi nimebaki na jiwe, na jiwe linanitosha, liko karibu zaidi na maji.

Kukikunjua si kazi ngumu. Kiweke kikitazama barabara.

Shangazi yako,
Leonida Tluway